Wamemkata Neema

Wenzangu wa wodi ya upasuaji, na nyinyi wa kwaya, kila mmoja kwa wakati wake amenishika mkono na kuniuliza mguu wa Neema unaendeleaje. Nimechoka kuhadithia vipande vipande kwenye korido huku nimeshika trei ya sindano. Naandika mara moja, msome wote, mniache. Mguu upo. Wa kulia upo na wa kushoto upo, na vidole vyake vyote. Niliyoyakuta huko Marekani ni mengine kabisa, na ndiyo yaliyonirudisha na uso ule mliouona.

Moshi

Godi mnamfahamu wachache. Ni mdogo wangu, Godlisten, aliyekwenda kusoma Minnesota akabaki hukohuko. Anafanya kazi za kompyuta katika ofisi moja Plymouth, kaoa Mkongo aitwaye Furaha, ambaye familia yake ilifika kule kama wakimbizi kutoka Bukavu, na wanaishi Brooklyn Center. Wana mtoto mmoja tu, Neema, msichana wa sekondari, na Neema anacheza magongo ya barafu. Ni mpira wa magongo kama ule wa shuleni, ila wanavaa viatu vyenye visu chini, wanakimbizana juu ya barafu, na badala ya mpira wanapiga kisahani cha raba wanachokiita paki.

Godi ana jambo moja analojivunia kuliko digrii yake: Kiswahili chake hakijaharibika. Wenzake huko wanachanganya Kiingereza kila neno la pili, yeye anatafsiri kila kitu. Laiti asingetafsiri.

Safari yangu ya Krismasi ilikuwa imeshapangwa aliponitumia ujumbe wa sauti, analia. "Dada, Neema wamemkata. Wamemkata leo asubuhi. Mtoto hali, halali, sijui nimwambie nini mama yake."

Mimi ni nesi. Nimeosha vidonda vya kukatwa kwa miaka mingi. Nikampigia, nikamuuliza swali la kinesi: upande gani?

"Kushoto," akasema. "Si unajua yeye siku zote ni kushoto?"

Sikuelewa maana ya siku zote, nikadhani ni uchungu unamchanganya. Nikamuuliza kama walau ameshapata magongo.

"Magongo yapo, dada. Yako gereji. Hataki hata kuyaona."

Simu ikakatika. Nilipompata tena alisema hawezi kuongea, niwahi tu kuja. Sasa niambieni, ninyi mliosomea kazi hii, mngeelewaje? Mama alianza kufunga kula siku ileile. Kanisa likaomba. Baba mdogo Elisa, ambaye ni seremala, alikataa katakata mtoto wa ukoo wake atembelee vyuma vya hospitali; akachukua picha ya Neema, akakisia kimo, akachonga magongo mawili ya mvule, laini, yenye mito ya ngozi pa kuwekea kwapa na soli za tairi la pikipiki. Nikabadili tarehe ya safari iwe ya mapema, nikaondoka.

Angani, na kule Amsterdam

Mama wa makamo akiingia uwanja wa ndege na magongo, hakuna anayemuuliza ni ya nani. Pale KIA kijana wa mizigo aliniletea kiti cha magurudumu kabla hata ya shikamoo na marahaba. Nikakataa. Akasema, "Mama, usione aibu." Ndani ya ndege waliyachukua magongo wakayafungia kabatini, na kila nilipoinuka kwenda chooni mhudumu alikuja mbio kunishika kiwiko.

Amsterdam walinisubiri mlangoni na kigari. Nikaeleza kwa Kiingereza changu cha darasani kwamba mimi ni mzima, magongo ni ya mtoto. Yule kaka akatabasamu, akaniambia nitulie, akanipeleka kwenye chumba cha wasiojiweza na kuniacha hapo kwenye foleni ya wazee. Kila nikisimama, wananikalisha. Nikionyesha saa, wananionyesha dole gumba.

Aliyekaa karibu yangu alikuwa mama wa Kisomali, mzaliwa wa Eastleigh, anayeishi Minneapolis na magoti yake mabovu. Kusikia Kiswahili nilitaka kumkumbatia. Alifungua mfuko akanipa sambusa za nyama, za baridi, tamu ajabu, akataka kujua kisa cha magongo. Nikamsimulia.

"Aki pole, mama," akasema na kushika kifua. "Hiyo hockey! Huko watoto wote wana-play hiyo kitu. Wangu alitaka, nikamwambia nitakuvunja miguu mimi mwenyewe kabla hujaenda kuvunjwa." Halafu akajisikia vibaya kwa alichosema, akaniongezea sambusa.

Ndege yangu iliondoka nikiwa nimekaa pale nikisaidiwa. Walipogundua waliomba radhi kwa adabu sana, wakanipa kuponi ya chakula na kunitafutia ndege nyingine. Nilikula viazi vyao vya kukaanga huku machozi yanadondoka kwenye sahani. Sikuwa nalilia ndege. Nilikuwa namwona Neema amelala, shuka limelala bapa pale ambapo mguu ungekuwa.

Uwanja wa ndege, Minneapolis

Afisa wa uhamiaji aliuliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia binti wa mdogo wangu amekatwa mguu kwenye barafu. Yule baba alikunja uso kama aliyechomwa sindano, akaniambia na yeye ana binti anayecheza, akagonga muhuri bila swali jingine. Kwa hiyo, rafiki zangu, niliidanganya serikali ya Marekani mchana kweupe, na moyo wangu ukiwa safi.

Godi alinipokea nje akiwa amekonda. Alipoona nilichobeba akarudi nyuma hatua.

"Dada, umeumia?"

"Si yangu. Ni ya Neema. Baba mdogo ameyachonga kwa mkono wake."

Aliyapokea, akayageuza, akapitisha kidole kwenye mito ya ngozi. Macho yakamjaa. "Masikini Baba mdogo," akasema. "Hajawahi kuyaona ya barafu. Haya hayachezewi, dada."

Nikamwambia kwa upole kwamba najua, kucheza ndiyo basi tena. Hapo akaangua kilio katikati ya watu na mizigo yao. Tukalia wote wawili, kila mtu na msiba wake, tukaingia kwenye gari na kukaa kimya njia nzima.

Brooklyn Center

Furaha alifungua mlango, akanikumbatia, akanivua koti. Nyumba ilinukia sombe, kisamvu cha kwao, na samaki wa kukaanga. "Karibu, Dada. Ulisafiri muzuri? Mutoto iko kule juu, mu chambre yake. Haishuke tena."

"Atashukaje?" nikasema. "Nipelekeni mimi."

Lakini Neema alikuwa ameshasikia sauti yangu. Nilisikia kishindo, nikainua macho, nikamwona anateremka ngazi mbiombio kwa soksi, anaruka ya mwisho, anakuja kunirukia shingoni. "Shangazi!"

Nilimshika mapaja. Nilimpapasa magoti, mbele ya baba yake na mama yake, kama ninayetafuta kitu kilichoanguka. Kisha nikakaa chini pale kwenye ngazi.

"Mguu," nikasema. "Mguu uliokatwa."

"Muguu? Muguu gani?" Furaha akamgeukia mumewe, akaniangalia mimi, akaangalia magongo ya mvule, akaelewa kabla yetu sote. "Ee Mungu wangu! Dada, bamemukata ku équipe! Ku timu! Hapa hakuna hata muguu moya yenye ilikatwa!"

Kumbe kule mchezaji asiyechaguliwa kwenye majaribio anasemwa amekatwa, na Godi wetu, bingwa wa Kiswahili fasaha, alitafsiri neno kwa neno. Na kushoto ni winga ya kushoto, anayochezea. Nilicheka kwanza. Halafu nikamtukana mdogo wangu matusi ambayo sijayatumia tangu tukiwa watoto.

"Kuna neno, Godlisten! Ametemwa! Redioni kila siku wanatangaza mchezaji katemwa! Mama hajala, unajua? Mama yako amefunga kwa ajili ya kiungo ambacho hakijaenda popote!"

Hakucheka wala hakuomba radhi. Alikuwa amesimama na magongo mkononi, na alichosema nakikumbuka hadi leo. "Afadhali ungekuwa mguu, dada. Ningejua pa kwenda kushtaki."

Neema alikuwa bado amenishika bega. Niliuona mkono wake ukiondoka. Akapanda juu, taratibu safari hii, na mlango ukafungwa.

Nilipompigia mama simu kumwambia mtoto mzima, alinijibu, "Wamekufundisha useme hivyo." Ilibidi Neema arukeruke mbele ya kamera ndipo akakubali kunywa uji. Magongo Furaha aliyapeleka kanisani kwao, akapewa mzee mmoja wa Kikongo mwenye nyonga mbovu, na nasikia yanamfaa.

Nikadhani mkasa umeishia hapo, tutacheka Krismasi. Nyumba ile haikuwa na mtu wa kucheka. Neema hakuwa anaongea na baba yake. Kama Godi yuko mezani, yeye anachukua sahani yake na kwenda kula ngazini. Furaha alikuwa anazunguka kati yao na sufuria kama mhudumu wa hoteli.

Godi alinieleza yake. Timu ile Neema aliichezea miaka yote, na hakuna winga bora kumshinda. "Ni rangi yetu tu, dada. Hawasemi, ila wanakata." Sasa kuna klabu Plymouth imebakiwa na nafasi moja, msichana mmoja kahama, na Jumamosi wanajaribu wachezaji. Akiikosa hiyo, msimu mzima umempita, na kwa umri wake akipitwa na msimu hakuna atakayemtazama tena. Lakini mtoto hataki kwenda. "Mwambie wewe. Mimi hanisikilizi."

Saint Paul

Ili kumlainisha, Godi alinunua tiketi tukaenda Saint Paul kutazama ligi ya wanawake wanaolipwa. Watu wazima kabisa, wengine mama wa watoto, kazi yao ni barafu. Niliingia na koti na kanga mbili ndani yake na bado nilitetemeka. Wenyeji wanakula aiskrimu mle ndani. Sitaki kuelezwa.

Neema alikaa upande wangu, akaweka viti viwili kati yake na baba yake. Alinifundisha kwa Kiingereza, mimi nikimuuliza kwa Kiswahili, na tulielewana. Anayekosea anafungiwa kwenye kibanda cha vioo hadi adhabu yake iishe, na timu inacheza pungufu. "Anatubu?" nikamuuliza. Akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. Kisha akasahau kama nipo. Winga mmoja wa kushoto alikuwa ameupata mwanya, na Neema alikuwa anausogeza mwili wake pamoja naye kitini, bega, goti, kifundo. Huwezi kumwona mtoto hivyo na kuniambia hataki kucheza.

Godi alisimama mchezo mzima. Alipiga kelele hadi mishipa ya shingo ikatoka, anamfundisha kocha, anamfundisha mwamuzi, anawafundisha wanaolipwa. Mle ndani hakuna aliyejali, maelfu walikuwa wanapiga kelele. Ila niliona kila alipofungua mdomo, Neema alivuta kofia ya sweta lake hadi kwenye nyusi.

Wakati wa mapumziko, tukila bisi zenye siagi, nikamwambia, "Jumamosi twende. Kwa ajili yangu. Nimekuja na magongo yasiyo na kazi, nionyeshe walau yenye kazi."

Alifikiri kidogo. "Okay, Shangazi. But you sit by the glass. Sio Baba."

Nikadhani ni deko la kitoto.

Plymouth

Uwanja wa mazoezi uko nyuma ya maghala na ofisi, jengo la bati ambalo ungedhani ni la kuhifadhia saruji. Ndani kulikuwa na wazazi wachache wenye vikombe vya kahawa. Neema alivyoingia kwenye barafu, hata mimi nisiyejua lolote nilijua. Wengine walikuwa wanakimbia, yeye alikuwa anapita tu.

Godi alijizuia kwa muda. Namshuhudia, alijaribu, alikaa juu ya viganja vyake. Halafu kocha akampanga Neema upande wa kulia.

Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa ameshafika kwenye kioo, anakipiga kwa ngumi mbili. "Kushoto! She's left! Coach! Left! Neema, piga! Piga sasa! Unangoja nini?" Uwanja ule ni mdogo na wa bati, sauti inarudi mara mbili. Neema alisimama. Paki ilimpita miguuni na hakuiangalia.

Na niseme haki: upande wa pili kulikuwa na baba mwingine, Mzungu wa kofia nyekundu, anapiga kelele vilevile, tena ana tarumbeta. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Mazoezi yalipoisha, Godi alikwenda kuwasha gari lipate joto. Kocha akanijia, mwanamke mwenye pua nyekundu ya baridi, na Neema nyuma yake amebeba begi lake kubwa. Kocha alisema polepole ili nielewe. Mtoto ni mzuri sana. Wanamtaka. Lakini wamezungumza na timu ya zamani, na wanajua habari za baba. Kwamba alionywa, akaonywa tena, na siku moja katikati ya mechi aliingia kwenye benchi la wachezaji akamtoa Neema kwa mkono mbele ya watu wote kwa sababu kocha alikuwa amemkalisha asicheze. Neema anapokelewa, kwa sharti moja. Baba asiingie ndani ya jengo, si mazoezini, si kwenye mechi.

Damu ilinichemka. "Na yule wa tarumbeta?" nikauliza.

Alitazama chini. "Mimi naweza kuzungumzia huyu tu," akasema. Nami nikajua kwamba Godi alikuwa amekosea na alikuwa amesema kweli, yote mawili kwa pamoja, na kwamba hakuna ofisi ya kupeleka jambo la namna hiyo.

Nikamwambia kocha amwambie Godi yeye mwenyewe. Hapo Neema, ambaye tangu nifike alikuwa hajaunga sentensi moja ya Kiswahili hadi mwisho, akanishika mkono.

"Hawakunikata mimi, Shangazi. Walimkata Baba. Nilijua siku ileile." Akalitua begi. "Mimi siwezi kumwambia. Mwambie wewe. Tafadhali. Mimi nataka kucheza."

Maegesho

Nilimwambia Godi ndani ya gari, Neema akiwa bado anaaga ndani. Nilisema yote, na ya tarumbeta nikayasema. Aliangalia kioo cha mbele, waipa zinafuta theluji, zinarudi.

"Nimemfunga kamba za viatu vile tangu mikono yake haiwezi," akasema. "Alfajiri, baridi ya kuua, mimi. Nilijifunza mchezo wenyewe ukubwani ili nimfundishe yeye. Na wewe umesemaje?"

"Nimesema sawa."

"Umesema sawa." Alitikisa kichwa. "Umepanda ndege kwa ajili ya mguu ambao haukukatwa, ukaja kunikata mimi."

Neema alifungua mlango wa nyuma, akaingia na begi lake na harufu ya jasho na raba. Godi akamwuliza, "Wamekuchukua?" Akasema, "Yeah." Godi akasema, "Hongera, mama," na akaondoa gari.

Wiki zilizobaki zilikwenda hivyo. Godi anaendesha, mimi naingia na mtoto. Sikuelewa nusu ya nilichokiona, nilipiga makofi wengine wakipiga. Yeye alibaki kwenye maegesho, injini inanguruma, uso kuelekea ule mlango. Siku moja nilimpelekea chai, nikakuta ameshusha kioo kote, katika baridi ile, na ametoa kichwa nje. Akasema anapunga hewa. Kutoka pale unasikia paki ikigonga mbao, kama mtu anapigilia misumari mbali, basi.

Mezani Neema alirudi. Anakula na baba yake, anamwambia nipe chumvi. Lakini mimi Godi hakuniita dada tena mpaka naondoka. Alinifikisha uwanja wa ndege, akashusha sanduku, akanipa mkono.

Nyumbani

Jumapili iliyopita mama alinilazimisha nimpigie. Mimi Godi hapokei simu zangu, ni Furaha anayeniambia kwamba bado anabaki kwenye maegesho, lakini akiona namba ya mama anapokea, kwa hiyo tulitumia ya mama na kuweka sauti kubwa. Nilikaa kando, Godi asijue kama nipo.

Mama aliuliza habari za mjukuu. Sauti ya Godi ilikuja ya furaha, ile ya zamani. Kwamba jana walikuwa na mechi, wameshinda, Neema kafunga mawili, la pili alimzunguka beki mpaka beki akakaa chini. Kwamba yeye alikuwa palepale mbele, kwenye kioo, ameshangilia mpaka koo limekauka, na Neema baada ya kufunga alimgeukia akampungia.

Mama alicheka, akapiga makofi, akamshukuru Mungu kwa miguu yote miwili. Halafu akaniuliza mimi, simu ikiwa bado wazi, kama hata nilipokuwa huko Godi alikuwa anamshangilia mtoto hivyo.

Nilimsikia Godi anavyopumua upande wa pili.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Sauti yake ilikuwa inasikika uwanja mzima."